Maswali ya Wasomaji: Plasta Mpya Hukaguliwa Vipi Kabla ya Rangi?

SWALI: Ndugu Mshauri wa Ujenzi, salamu. Mimi ni mama ninayejenga nyumba ya vyumba vitatu huko Nzuguni, hapa Dodoma. Nyumba ni ya matofali ya saruji, na fundi amemaliza kupiga plasta ndani na nje wiki hii. Kwa macho kuta zinapendeza na ni laini, lakini kwenye pembe za madirisha kuna nyufa, chumba kimoja ukipangusa ukuta kwa kiganja mkono unabaki na vumbi, na jirani aliyegonga ukuta wa sebule anasema kuna mahali panatoa sauti ya utupu. Fundi anadai malipo yake ya mwisho na anataka tupake rangi kabla mwezi haujaisha. Naomba unieleze nikague nini mwenyewe, bila vifaa vya kihandisi, ili nisimdhulumu fundi wala mimi nisidhulumike. – Mama wa Nzuguni

JIBU: Mama, nakushukuru kwa barua yako, na hasa kwa maneno yake ya mwisho, kwa kuwa ukaguzi unaofanywa kwa haki huwalinda mwenye nyumba na fundi kwa pamoja. Kabla ya yote nakuomba mambo mawili: rangi isiguse kuta hizo mwezi huu, na leo hii jioni kuta zimwagiwe maji. Sababu zake nitazieleza.

Wenye nyumba wengi huanza ukaguzi kwa kupapasa, na wakikuta ukuta ni laini huridhika. Ulaini ndiyo sifa iliyo rahisi kupatikana kuliko zote. Fundi akinyunyiza saruji kavu juu ya plasta mbichi kisha akaisugua kwa mwiko wa chuma, uso utang'aa hata kama chini yake mchanganyiko ni dhaifu. Na utando huo wa juu, kwa sababu una saruji nyingi kuliko kilicho chini yake, husinyaa zaidi na kupasuka katika nyufa nyembamba zinazokatana kila upande. Plasta nzuri ni ile iliyoshikana na tofali na yenye mwili mgumu kuanzia juu hadi ndani. Hayo mawili ndiyo ya kuhukumu kwanza. Unyoofu hufuata, na ulaini huja mwisho kabisa, kwa kuwa ulaini unaweza kuongezwa baadaye kwa skimu, yaani tabaka jembamba la kulainisha uso wa ukuta, lakini mshikamano hauongezwi.

Anza kwa kusikiliza. Mnunuzi wa chungu sokoni hukigonga kwa kidole kabla ya kutoa fedha, na ukuta nao hukaguliwa vivyo hivyo. Chukua bisibisi, ushike upande wa chuma, na ugonge kwa mpini wake taratibu, kila baada ya urefu wa kiganja, kutoka juu kwenda chini, huku milango imefungwa na nyumba ikiwa kimya. Plasta iliyoshika hutoa sauti fupi na kavu. Iliyoachia hutoa sauti nzito yenye uwazi ndani yake. Kila mahali penye sauti hiyo pazungushie chaki. Usianzie katikati ya ukuta, bali anzia kwenye lenta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya madirisha na milango, na kwenye nguzo za zege, kwa maana zege lililomwagwa kwenye mbao au mabati ya fomu huwa na uso mlaini ambao plasta haiwezi kuung'ang'ania kama halikugongwagongwa kwanza kwa tindo au kupakwa uji mzito wa saruji na mchanga. Kisha nenda kwenye kuta zinazopigwa na jua la alasiri, na umalizie kandokando ya madirisha na milango.

Ukishamaliza, tazama alama zako. Kipande kidogo kisichozidi kiganja, kilicho katikati ya ukuta na kisicho na ufa, kinaweza kuachwa bila hofu. Lakini eneo linalozidi hapo, au lililo ukingoni mwa dirisha, au lenye ufa unaolizunguka, au lililo juu ya kichwa cha mtu kwenye lenta, halina budi kutinduliwa lote mpaka kwenye tofali. Likatwe kwa kingo zilizonyooka, vumbi lipigwe brashi, tofali liloweshwe, lipakwe uji wa saruji, ndipo lijazwe upya na kumwagiliwa kama plasta mpya. Kupaka niru, yaani utando mwembamba wa kumalizia ukuta, juu ya sehemu iliyoachia ni kuficha tatizo, maana niru nayo itaanguka pamoja na plasta iliyoibeba.

Baada ya sauti, pima ugumu. Vumbi unaloliona kiganjani linaweza kuwa la aina mbili. Pangusa sehemu hiyo kwa kitambaa chenye maji, uiache ikauke, kisha upitishe mkono tena. Kama vumbi limekwisha, lilikuwa ni mabaki ya kusugua na halina madhara. Kama linaendelea kutoka, chukua msumari wa inchi tatu na ukwaruze kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Kwenye plasta imara msumari huacha mstari hafifu, wa kijivu cheupe, na chembe chache huanguka. Kwenye plasta dhaifu msumari huchimba mfereji na mchanga hutiririka. Fanya hivyo mahali kadhaa katika kila chumba, nyuma ya mlango na karibu na sakafu pia, kwa kuwa kuta hizo hupigwa jioni, wakati mchanganyiko umebaki kidogo na fundi amechoka. Plasta iliyochanganywa na maji inapaswa kutumika ndani ya saa moja hadi mbili. Ile iliyoanza kuganda ikaongezwa maji na kukorogwa upya hulainika vizuri mwikoni lakini haipati tena nguvu yake.

Hapa ndipo ninapoomba usikilize kwa makini, kwa sababu katika mji wetu lawama nyingi zinazomwangukia fundi si zake peke yake. Saruji haigandi kwa kukauka. Hugandishwa na maji yanayoingia ndani yake na kujenga ugumu siku baada ya siku. Dodoma ni nchi kavu, mvua zake ni za msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na katika miezi ya kiangazi upepo huvuma mchana kutwa huku hewa ikiwa haina unyevu. Plasta iliyopigwa asubuhi kwenye ukuta wa namna hiyo inaweza kupoteza maji yake kabla ya saruji kuyatumia, na matokeo yake ndiyo hayo mchanga na vumbi, hata kama vipimo vya saruji vilikuwa sahihi. Dawa yake ni kulowesha tofali kabla ya kupiga, kisha kumwagilia ukuta mara mbili au tatu kwa siku kuanzia siku inayofuata, kwa muda usiopungua siku 7. Ukuta wa nje unaoelekea jua ufunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa. Sasa jiulize kwa uaminifu: maji hayo yalikuwapo? Tunaojenga katika viwanja vipya tunajua kwamba maji mara nyingi huja kwa boza na hulipiwa, na mwenye nyumba anayempa saidia fundi madumu mawili ya kuchanganyia na kumwagilia hana haki ya kumkata fundi fedha kwa sababu ukuta unatoa vumbi. Kama maji yalikuwa tele na fundi hakumwagilia, hapo kosa ni lake. Kwa kuwa plasta yako ina siku chache tu, kuiloweka sasa bado kunaweza kuiokoa kwa kiasi, na ndiyo maana nimekuomba uanze leo.

Unyoofu utaupima kwa rula ndefu ya aluminiamu, ya mita 2, ambayo fundi yeyote anayo. Iegemeze ukutani wima, kisha mlalo, kisha mshazari. Nafasi kati ya rula na ukuta isizidi milimita 3. Usiku, zima taa ya chumba na uweke tochi sambamba na ukuta, ikiwa imeugusa, nawe utaona kila bonde na kila mwinuko ambao mchana haukuonekana. Wima hupimwa kwa timazi au pima maji. Kwa kona, pima sentimita 60 kutoka kwenye kona kufuata ukuta mmoja na sentimita 80 kufuata wa pili, uweke alama, kisha upime umbali kati ya alama hizo. Ukipata sentimita 100 kona iko sawa. Jambo hili lina uzito zaidi jikoni na bafuni, mahali ambapo kabati na vigae vitafichua kila upungufu, kuliko chumbani ambako kitanda na pazia vitakaa bila tatizo. Simlaumu fundi kwa tofauti ya milimita 5 kwenye chumba cha kulala, hasa kama tofali zenyewe zilijengwa zikiwa zimepinda, kwa kuwa fundi anayelazimika kunyoosha ukuta uliopinda hujaza plasta nene kupita kiasi. Unene wa kawaida ni milimita 12 hadi 15. Panapohitaji zaidi ya milimita 20, papigwe kwa awamu mbili, ya kwanza ikikwaruzwa ili ya pili ishike, la sivyo uzito wake huivuta chini.

Kuhusu nyufa, tofautisha zinazotoka kwenye plasta na zinazotoka kwenye jengo. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizosambaa bila mpangilio na zisizoingia ndani, ni za kusinyaa. Skimu na rangi huzifunika. Ufa ulionyooka unaofuata bomba la umeme humaanisha kwamba mfereji wa bomba haukuchimbwa vya kutosha au haukuwekewa wavu wa kuku kabla ya kujazwa. Ufa mlalo chini ya lenta hutokea mahali zege na tofali vinapokutana, kwa kuwa vitu hivyo viwili havitanuki wala kusinyaa kwa kiasi kimoja, na hapo pia wavu ndio unaohitajika. Lakini ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha, kama huo uliouandika, unastahili uangalifu mkubwa. Tindua kipande kidogo cha plasta juu yake. Kama tofali chini yake ni zima, ni suala la plasta. Kama ufa unaendelea kwenye tofali au kwenye viungo vyake, chanzo kinaweza kuwa lenta fupi isiyokaa vya kutosha juu ya ukuta, au msingi unaocheza, na katika baadhi ya maeneo ya Dodoma yenye udongo wa mfinyanzi, unaovimba mvua zikinyesha na kusinyaa kiangazi, jambo hilo si geni. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, uandike tarehe kando yake, na uangalie kama unazivuka. Ufa ukizivuka alama hizo, mwite mhandisi, wala usimwite tena mpiga plasta.

Lipo pia jambo la kuhesabu. Chumba cha mita 4 kwa mita 3.5 chenye urefu wa mita 3 kwenda juu kina kuta zenye jumla ya mita za mraba 45, na ukitoa mlango na dirisha zinabaki takriban 41. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, wenye unene wa milimita 15, mfuko wa kilo 50 hutosha mita za mraba 9 hivi, kwa hiyo chumba kinahitaji karibu mifuko 5. Kwa moja kwa tano kinahitaji kama 4. Ukigundua kwamba chumba hicho kilimalizwa kwa mifuko 2, basi ama plasta ni nyembamba mno, ama mchanganyiko umefika moja kwa nane au zaidi, na msumari wako utakuwa umekwisha kukuambia hivyo. Ndiyo sababu nawasihi wenye nyumba wahifadhi mifuko mitupu mpaka siku ya ukaguzi.

Kuhusu malipo, tembeeni pamoja wewe na fundi, chumba baada ya chumba, ukimwonyesha alama za chaki na ukimpa bisibisi agonge mwenyewe. Andikeni sehemu za kurudiwa. Mlipe kazi iliyo sawa, ubakize kiasi kinachotosha marekebisho tu, na umweleze siku utakayokikamilisha. Fundi mzuri hatakasirika, kwa kuwa sauti ya ukuta anaisikia kama unavyoisikia wewe.

SWALI: Mimi naanza plasta mwezi ujao, nyumba iko Ihumwa. Mchanga ulioletwa na lori una rangi ya wekundu, na fundi anasema mchanga wenye udongo kidogo ndio unaolainika vizuri. Je, ni kweli? – Msomaji wa Ihumwa

JIBU: Ndugu yangu, ni kweli kwamba unalainika vizuri, na ndipo hatari ilipo. Udongo hufanya mchanganyiko uteleze mwikoni, lakini huzuia saruji isishike punje za mchanga, hunywa maji mengi, na ukikauka husinyaa na kupasuka. Rangi pekee haitoshi kuhukumu. Chukua chupa ya kioo au ya plastiki iliyo wazi, ujaze mchanga hadi nusu, uongeze maji mpaka karibu na mdomo na kijiko kidogo cha chumvi, utikise kwa nguvu, kisha uiache mahali palipotulia kwa saa tatu. Mchanga utakaa chini na udongo utakaa juu yake kama tabaka laini. Ikiwa mchanga una kimo cha milimita 100, tabaka la udongo lisizidi milimita 8. Likizidi, mchanga huo uoshwe au urudishwe, na ni afadhali kugombana na mwenye lori kuliko kutindua nyumba. Mchanga wa plasta uchekechwe pia, na usiwe mwembamba kama vumbi, kwa kuwa mchanga wenye punje za ukubwa tofauti tofauti ndio unaojipanga vizuri.

Kwa vipimo, mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi, ambazo ni pungufu kidogo ya ndoo mbili za lita 20. Moja kwa nne, ninayoipendekeza kwa kuta za nje, ni ndoo 7 za mchanga kwa mfuko; moja kwa tano kwa kuta za ndani ni ndoo 9 kasoro kidogo. Pima kwa ndoo, usipime kwa chepe, maana chepe la asubuhi na chepe la saa kumi jioni havilingani.

SWALI: Nyumba yangu ya Chang'ombe ilipigwa plasta mwaka jana. Chini ya kuta, kimo cha goti, unatoka unga mweupe na rangi inabanduka. Mpaka rangi ananishauri nipake rangi ya mafuta ili kuzuia fangasi. – Msomaji wa Chang'ombe

JIBU: Unga huo ni chumvi, wala si fangasi. Maji yanapopita ndani ya ukuta huyeyusha chumvi iliyomo ardhini, kwenye mchanga au kwenye maji yaliyotumika kuchanganyia, kisha yakifika juu hukauka na kuiacha pale. Visima vingi vya Dodoma vina maji yenye chumvi. Ukionja maji na ukayasikia ukali, usiyatumie kwa plasta. Kwa kuwa kwako unga umesimama kimo cha goti, ninashuku zaidi unyevu unaopanda kutoka msingini, ama kwa sababu nailoni ya kuzuia unyevu haikuwekwa juu ya msingi, ama udongo wa nje umerundikwa juu kuliko nailoni hiyo. Rangi ya mafuta itaufungia unyevu ndani, nao utapanda juu zaidi na kutokea mahali pengine. Ondoa kwanza udongo uliorundikana nje, elekeza maji ya bati mbali na ukuta, uuache ukuta ukauke, uipige chumvi brashi kavu bila kuiosha kwa maji, kisha tindua sehemu iliyooza na uipige upya kwa mchanga safi. Rangi ya maji inayopitisha hewa ndiyo inayofaa hapo.

Na kwa wote wanaouliza rangi ipakwe lini: subirini wiki nne baada ya plasta. Plasta changa ina ukali wa chokaa unaoharibu mafuta ya rangi, na maji yake bado yanatoka. Ukitaka hakika, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukitazame kesho yake. Kama kina matone kwa ndani au ukuta umekoza rangi, ongeza siku.

SWALI: Nyumba ya wazee wetu huko Kondoa ni ya matofali mabichi ya udongo. Tuliipiga plasta ya saruji mara mbili na mara zote inaanguka vipande vipande. – Msomaji wa Kondoa

JIBU: Saruji ni ngumu na haikunjiki, na tofali la udongo ni laini na hubadilika kwa unyevu, ukivipandisha kimoja juu ya kingine bila kiungo, cha juu huachia. Tindueni yote iliyobaki, kwangueni viungo vya matofali kwa kina cha sentimita moja na nusu hivi, pigeni brashi, kisha pigilieni wavu wa kuku kwa misumari mirefu kwenye ukuta mzima. Tumieni mchanganyiko laini wenye sehemu moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga, upigwe kwa awamu mbili nyembamba. Kama fedha ni chache, anzeni na nusu mita ya chini kwa nje, ambako matone ya paa hurukia, na mwimalize kazi hiyo mapema ili plasta ipate siku zake za kumwagiliwa na kukauka kabla ya mvua za Desemba.